Usajili wa uzamili wa uhandisi Marekani: jibu kwa mleta mada kuhusu krediti 9, tasnifu, kuacha kozi na kuahirisha

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba umemaliza shahada ya kwanza ya uhandisi mitambo jijini Dar es Salaam, umepata nafasi ya uzamili katika chuo kikuu cha umma nchini Marekani kuanzia Agosti, na umepewa kazi ya usaidizi wa ufundishaji inayoambatana na msamaha wa ada. Unauliza mambo manne: kama unalazimika kusajili krediti 9 tangu muhula wa kwanza, lini uamue kati ya kuandika tasnifu na kusoma kozi tupu, nini kitatokea ukiacha kozi iliyokuelemea, na kama ni busara kuahirisha hadi Januari. Mimi nilisoma uzamili wa uhandisi ujenzi, upande wa rasilimali za maji, katika chuo cha aina hiyo hiyo, nikiwa na viza ya mwanafunzi ya F-1 na kazi kama hiyo yako, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyapitia, nikitenganisha kanuni za serikali, ambazo ni zile zile nchi nzima, na kanuni za vyuo, ambazo hutofautiana.

Wachangiaji waliotangulia wamepingana sana kuhusu idadi ya krediti, na kwa maoni yangu wote wamesema kweli, ila kila mmoja ameisemea ofisi tofauti. Krediti zako zitahesabiwa na ofisi tatu ambazo hazisomi vitabu vya mwenzake. Idara ya uhandisi inataka kujua kama kozi ulizochagua zinajenga shahada. Shule ya masomo ya uzamili inataka kujua kama zimefikia kiwango na wastani wa alama. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa inataka kujua kama u mwanafunzi wa muda wote machoni pa serikali, kwa sababu ndiyo inayotunza rekodi yako katika SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni. Ruhusa ya ofisi moja haikulindi mbele ya nyingine, na mfumo wa usajili wa kompyuta haukulindi mbele ya yeyote, kwani utakubali mambo mengi ambayo baadaye utaulizwa wewe.

Sasa kuhusu krediti 9. Kwa wanafunzi wa uzamili, serikali huachia chuo kiamue ni mzigo gani unaohesabika kuwa masomo ya muda wote, na vyuo vingi vimeweka krediti 9 kwa muhula, yaani kozi tatu. Vipo vyuo ambavyo mwanafunzi mwenye kazi ya usaidizi ya saa 20 kwa wiki huhesabiwa kuwa wa muda wote akiwa na krediti 6. Kama chuo chako ni miongoni mwa hivyo, pata jambo hilo kwa maandishi kutoka ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, wala usitosheke na maneno ya mwanafunzi uliyemkuta maabara. Kozi za mtandaoni zina kanuni yake: katika kila muhula ni kozi moja tu, au krediti 3, inayoweza kuhesabiwa katika mzigo wa muda wote, na kama umebakiza kozi moja tu kumaliza shahada, kozi hiyo haiwezi kuwa ya mtandaoni. Wengi hulijua hilo la kwanza na kulisahau la pili, kisha hujikuta muhula wa mwisho wamepanga kozi ya mtandaoni peke yake.

Kuna mtego mwingine mdogo ambao sijaona mtu akiutaja humu. Katika idara za uhandisi ni kawaida darasa moja, mwalimu mmoja na chumba kimoja, kuwa na namba mbili za usajili, moja ya wanafunzi wa shahada ya kwanza walio mwaka wa mwisho na nyingine ya uzamili, ambapo wa uzamili huongezewa mradi au maswali magumu zaidi. Ukisajili ile namba ya chini utakaa darasa lile lile, utafanya mitihani ile ile, na mwisho wa muhula krediti hizo huenda zisiingie kwenye shahada yako. Angalia namba kwa makini kabla ya kubonyeza. Vivyo hivyo, idara ikikupangia kozi za kuziba pengo kwa sababu haikuziona kwenye transkripti yako, kwa kawaida hazihesabiwi katika krediti 30 au zaidi za shahada. Uliza mapema kama zitahesabiwa angalau katika zile 9 za muhula.

Kabla hata hujachagua kozi, fungua ukurasa wako wa mwanafunzi uangalie kama kuna zuio la usajili. Kwangu mimi ukurasa ulionyesha mazuio matatu kwa maandishi mekundu: chanjo, transkripti ya mwisho, na taarifa za mawasiliano ya dharura. Hilo la tatu ni kazi ya dakika mbili. La chanjo lina undani wake kwa sisi tunaotoka Afrika Mashariki, kwa sababu vyuo vingi huwataka wanafunzi kutoka nchi zenye kifua kikuu kingi wapimwe baada ya kufika, nasi tulio wengi tulichanjwa BCG utotoni, chanjo ya kifua kikuu ambayo inaweza kukifanya kipimo cha ngozi kionyeshe kuwa una maambukizi wakati huna. Omba kipimo cha damu, ambacho hakibabaishwi na BCG. Ukipimwa kwa ngozi na mkono ukavimba, utatumwa kupiga picha ya kifua huku kozi unayoitaka ikijaa. Kadi ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela itafute ungali nyumbani, na kama imepotea, chanja tena na upewe karatasi yenye tarehe na muhuri.

Kuhusu transkripti, soma tena barua yako ya udahili uone kama imesema udahili ni wa masharti. Vyuo vyetu hutoa cheti baada ya mahafali, na mahafali huja miezi kadhaa baada ya matokeo, kwa hiyo wengi huondoka na matokeo ya muda. Shule ya uzamili hukupa nafasi ya muhula mmoja, kisha huzuia usajili wa muhula wa pili hadi ipokee hati rasmi moja kwa moja kutoka chuo chako cha awali. Acha malipo na barua ya maombi kwa ndugu anayeaminika ambaye anaweza kusimama dirishani badala yako. Hakikisha pia majina kwenye pasipoti na kwenye cheti yanafanana herufi kwa herufi, na kama hayafanani, andaa hati ya kiapo kabla ya safari.

Nije kwenye alama, ambazo naona umezichukulia kwa wepesi kidogo ulipoandika kwamba ukishindwa utarudia mtihani. Huko hakuna sapu. Muhtasari wa kozi utakaopewa siku ya kwanza utaonyesha, kwa mfano, kwamba kazi za kila wiki zina asilimia 20, mitihani miwili ya kati ya muhula asilimia 40, mradi asilimia 15 na mtihani wa mwisho asilimia 25, na jumla hiyo ikishageuzwa kuwa herufi, basi. Mwanafunzi aliyezoea kulala muhula mzima na kuamka wiki mbili kabla ya mtihani atakuwa amepoteza zaidi ya nusu ya alama kabla hajaamka. Shule nyingi za uzamili hudai wastani wa 3.0 kati ya 4, yaani B, na ukishuka chini yake unawekwa chini ya uangalizi wa kitaaluma, kwa kawaida kwa muhula mmoja au miwili, kisha unaondolewa, ambako ndiko kudisko kwao.

Piga hesabu uone jinsi nafasi ilivyo finyu. A ni 4, B ni 3, C ni 2. Ukipata A, B na C katika kozi tatu, umesimama juu ya 3.0 kamili. Ukipata B mbili na C moja, una 2.67, na muhula unaofuata utahitaji A moja na B mbili ili urudi kwenye mstari. Ukianza na C mbili na B moja, utahitaji A mbili na B moja. Kwako jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mikataba ya usaidizi kwa kawaida hudai wastani huo huo, na msamaha wa ada ukiondoka utatakiwa kulipa ada ya mwanafunzi asiye mkazi wa jimbo. Ndiyo maana sikushauri ujaze muhula wa kwanza kwa kozi tatu za hesabu nzito. Chukua moja ya msingi iliyo ngumu, moja inayoendeleza ulichokisoma vizuri nyumbani, na ya tatu yenye mradi badala ya mitihani.

Kuacha kozi ndiko kunakowaponza wengi. Kuna tarehe, kwa kawaida ndani ya wiki mbili za mwanzo, ambayo kabla yake kozi huondolewa bila alama yoyote na ada hurekebishwa. Baada yake unaweza kujitoa, lakini herufi W inabaki kwenye transkripti na ada mara nyingi hairudi. W haiharibu wastani, na kitaaluma ni afadhali kuliko C. Tatizo liko kwenye ile ofisi ya tatu, ya wanafunzi wa kimataifa. Mwenzangu mmoja kutoka Kenya alishauriwa na msimamizi wake ajitoe katika kozi moja kati ya tatu ili aokoe wastani, ushauri ambao kwa upande wa masomo ulikuwa sahihi kabisa. Mfumo ulikubali usiku wa Ijumaa bila swali lolote. Katika chuo kile krediti 6 hazikuwa masomo ya muda wote hata kwa wenye kazi ya usaidizi, naye hakuwa ameomba idhini, na baada ya muda rekodi yake ya SEVIS ikasitishwa. Kuanzia hapo hakuruhusiwa kufanya kazi, na mshahara ukakoma. Angeweza kuwasilisha fomu ya I-539 kuomba kurejeshewa hadhi ya mwanafunzi na kusubiri, lakini aliamua kutoka nchini na kuingia upya kwa I-20 mpya, yaani hati ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi, jambo lililomgharimu tiketi, ada ya SEVIS ya dola 350 kwa mara ya pili, na kuanza upya kuhesabu mwaka wa masomo unaotakiwa kabla ya kuruhusiwa mafunzo kazini.

Idhini ya kupunguza mzigo ipo, na si vigumu kuipata ukiiomba kabla ya kugusa kozi. Hutolewa kwa ugumu wa kitaaluma wa mwanzoni, kama vile lugha, kutozoea namna ya ufundishaji au kupangwa katika kozi isiyokuwa ya kiwango chako, lakini mara moja tu kwa ngazi moja ya masomo, nawe ubaki na angalau nusu ya mzigo. Hutolewa pia kwa ugonjwa uliothibitishwa na daktari mwenye leseni, kwa muda usiozidi miezi 12 kwa jumla, na katika muhula wa mwisho kama umebakiza kozi chache kuliko mzigo kamili. Hii ya mwisho utaihitaji bila shaka, maana krediti 30 zikigawanywa kwa 9 zinakuacha na 3 muhula wa nne.

Tasnifu au kozi tupu? Kikanuni huhitaji kuamua hadi utakapowasilisha mpango wa masomo, ambao vyuo vingi huutaka kabla au katikati ya muhula wa pili, ukiwa umesainiwa na msimamizi na kamati. Kiutendaji, fedha ndizo zinazoamua. Nafasi yako ni ya ufundishaji, kwa hiyo haikufungi. Aliyelipwa kutoka mradi wa utafiti wa profesa hutarajiwa kuandika. Njia ya tasnifu mara nyingi huwa na krediti 24 za kozi na 6 za utafiti, na hizo 6 hukaa bila herufi ya kawaida hadi utetee tasnifu mbele ya kamati. Jambo la kuangalia ni kwamba vyuo hudai uwe umesajiliwa, hata kwa krediti moja, katika muhula unaotetea. Likizo ya kiangazi kwa kawaida haikulazimishi kusajili, lakini ukitetea Julai utasajili na kuilipia, na msamaha wa ada wa miezi tisa haufiki huko. Ukiwa na nia ya shahada ya uzamivu, andika. Kama unataka kurudi kazini haraka, kozi tupu zinatosha, na sioni kwa nini watu huzionea haya. Mpango huo ukishasainiwa, tunza nakala pamoja na nakala ya kitabu cha kanuni cha mwaka uliodahiliwa, kwa sababu kwa kawaida hicho ndicho kinachokuhusu hata kanuni zikibadilishwa baadaye.

Mafunzo kazini wakati wa masomo huruhusiwa baada ya mwaka mmoja wa masomo, isipokuwa programu ikiyadai mapema, na ukifanya miezi 12 ya muda wote unapoteza haki ya mafunzo ya baada ya kuhitimu, ambayo kwa mhandisi ni miezi 12 na nyongeza ya 24. Maombi ya hayo ya baadaye hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya tarehe ya kumaliza hadi siku 60 baada yake.

Kuhusu Januari, kama sababu ni foleni ya usaili ubalozini, usiahirishe bado. Andikia chuo uulize tarehe ya mwisho ya kuripoti kwa waliochelewa, kwani mara nyingi huwa siku kadhaa baada ya masomo kuanza, na inaweza kukutosha. Ukilazimika kuahirisha, omba I-20 irekebishwe tarehe kwa namba ile ile ya SEVIS, ili ada uliyokwisha kulipa isipotee. Lakini kwanza muulize mratibu wa uzamili wa idara maswali mawili kwa barua pepe moja: je, nafasi ya usaidizi itahama nami, kwa kuwa bajeti zake hupangwa kwa mwaka unaoanzia Agosti, na je, kozi za msingi zinazofungua nyingine hufundishwa Januari, au itabidi zingoje hadi Agosti inayofuata? Akijibu kwamba fedha hazihami, mimi ningepambana nifike Agosti hata kwa kuchelewa wiki moja.