Utauwa Kwanza, Kamati Baadaye

Kwa sisi tuliokulia kanisani, mshindani mkubwa wa utauwa, yaani maisha ya kumcha Mungu, si ulevi wala uzinzi, kwa sababu hayo tunayajua kwa sura na tumefundishwa kuyakimbia tangu shule ya Jumapili. Mshindani mkubwa ni shughuli za kanisa lenyewe. Jumanne kuna mazoezi ya kwaya, Jumatano kuna ibada ya katikati ya wiki, Alhamisi kuna jumuiya, Ijumaa kuna mkesha, Jumamosi kuna kikao cha kamati ya ujenzi au cha harusi ya kijana wa mzee mwenzetu, na Jumapili, ibada ikiisha, kuna mnada wa mazao na harambee. Katikati ya hayo simu haitulii, maana kila kikundi kina kundi lake la WhatsApp, na kila kundi lina mtu anayetuma sala ya alfajiri kabla jogoo hajawika. Mtu anaweza kuyatimiza hayo yote kwa uaminifu, akasifiwa na mchungaji mbele ya usharika, na bado akawa na kinywa kikali nyumbani na mizani isiyo sawa kazini.

Nimekuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu, na maisha yangu ya utu uzima nimeyatumia nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi. Ushauri ninaoutoa hapa umetoka pande hizo mbili, nami naona ule uliotoka kaunta una uzito zaidi.

Paulo alipomwandikia Timotheo waraka wa kwanza, kijana aliyeachwa Efeso kulitunza kanisa lililosumbuliwa na waalimu wa hadithi zisizo na maana, hakuishia kumpa majukumu. Alimwambia, "ujizoeze kupata utauwa," kisha akaufananisha na mazoezi ya mwili, jambo ambalo watu wa mji wa Kiyunani kama Efeso walilielewa vizuri, kwa kuwa walikuwa na viwanja vya michezo na waliwaona wanamichezo wakijitesa kila siku. Mazoezi ya mwili, alisema, yanafaa kidogo, lakini utauwa unafaa kwa mambo yote, maana una ahadi ya uzima wa sasa na ya ule ujao. Ninachokiona hapo ni kwamba utauwa haumjii mtu kwa kukaa kanisani miaka mingi, kama vile mtu asivyopata misuli kwa kukaa jukwaani akitazama mpira. Unatafutwa kwa makusudi, kwa kurudia jambo lile lile dogo hata siku ambayo moyo hautaki.

Sasa niseme jinsi mazoezi hayo yanavyokuwa. Fundi anakuja dukani na tajiri wake. Tajiri anabaki ndani ya gari akizungumza na simu, fundi anaingia peke yake, anaegemea kaunta na kusema kwa sauti ya chini, "Mzee, nipe mifuko thelathini ya saruji, ila kwenye risiti niwekee elfu moja ya juu kwa kila mfuko." Kila mwenye duka la namna hii ameyasikia maneno hayo, na wengi wameyazoea kiasi kwamba hawayaoni kuwa wizi, yanaitwa cha juu, na cha juu kimekuwa kama sehemu ya mshahara. Jibu langu huwa moja: "Fundi, risiti nitaandika bei ya dukani. Kama tajiri hakulipi vizuri, kaa naye mzungumze. Siku ukija kununua vya kwako, mimi nitakupunguzia." Baadhi yao hucheka na kununua. Wengine huvuka barabara kwenda duka la ng'ambo, na wakivuka huwa wanaondoka na mifuko thelathini, misumari, na nondo za nyumba nzima.

Bati nalo lina mtihani wake. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, kwa sababu namba ikipanda unene hushuka, na mteja wa kawaida hawezi kuzitofautisha kwa macho, hasa yakiwa yamepakwa rangi. Wapo wasambazaji watakaokuletea bati jembamba lenye chapa ya bati nene, kama walivyopo wa kukuletea nondo iliyotajwa kuwa ya milimita 12 ambayo ukiipima unakuta pungufu. Hapo hakuna kwaya wala mchungaji, na mteja mwenyewe hatagundua mpaka upepo wa miaka kadhaa baadaye, pengine asigundue kabisa. Mimi nauhesabu huo kuwa wakati wa ibada, tena ibada ngumu, kwa kuwa wa kuishuhudia ni Mungu peke yake.

Ni lazima niseme wazi kwamba sikutajirika kwa ajili hiyo. Siku hizi tunahubiriwa sana kwamba ukimpa Mungu nafasi ya kwanza biashara itafunguka, na andiko linalotajwa ni lile la Mathayo 6:33, la kuutafuta kwanza ufalme wake na haki yake. Wanaolitaja kwa namna hiyo husahau kwamba "hayo yote" tutakayozidishiwa, ukisoma mistari ya juu yake, ni chakula, kinywaji na mavazi. Paulo naye anawataja watu wanaodhani kwamba utauwa ni njia ya kupata faida, na hawataji kwa sifa. Faida anayoitambua ni nyingine: "utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa." Duka la ng'ambo ya barabara limenizidi kwa mauzo, na halionyeshi dalili ya kuanguka. Anayetaka utauwa kwa sababu ya mauzo nashauri atafute kitu kingine, maana atakata tamaa mapema.

Nimejifunza kwamba jibu la kaunta haliandaliwi kwenye kaunta. Fundi akishaegemea, una dakika moja au pungufu, na kilichomo moyoni ndicho kitakachotoka. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kuishika simu, nasoma sehemu fupi ya Maandiko, mara nyingi zaburi moja au nusu sura ya Injili, kisha namtajia Mungu watu nitakaokutana nao siku hiyo: mteja anayedaiwa na ambaye nimepanga kumpigia, msambazaji atakayeshusha mzigo, kijana wa dukani aliyechelewa jana. Nikishamtaja mdaiwa mbele za Mungu kwa jina lake, huwa vigumu kumtukana saa nne asubuhi. Sala yangu ni fupi. Mikesha naiheshimu na huwa nahudhuria, lakini nikilazimika kuchagua kati ya mkesha mmoja wa mwezi na dakika hizi za kila asubuhi, sitasita.

Nyumbani ndiko sehemu ambayo wanaume wa kanisa tunaikwepa kwa ustadi. Katika waraka ule ule kwa Timotheo, sura ya 5, watoto na wajukuu wa mjane wanaambiwa waanze kuonyesha dini yao katika nyumba zao wenyewe kwa kuwatunza wazazi wao. Neno "kwanza" limo katika mstari huo, nami sijui kwa nini halihubiriwi sana siku za harambee. Mtu anayeahidi mifuko ya saruji mbele ya usharika wakati mama yake kijijini anakopa unga, au wakati binti anayemsaidia kazi za nyumbani hajalipwa mshahara wa mwezi uliopita, amegeuza mpangilio. Ukitaka kujua hali yako, usimuulize mwenyekiti wa kamati. Muulize mkeo, tena umuulize siku ambayo hamjagombana, na usimjibu mpaka amalize.

Afrika Mashariki tuna historia yetu katika jambo hili, na inasikitisha kwamba vijana wengi hawaijui. Mwaka 1929 daktari mmishonari Joe Church na Simeon Nsibambi, Mganda, walikutana Namirembe, Kampala, wakaomba pamoja kwa sababu wote wawili waliona njaa katika maisha yao ya kiroho. Katika miaka ya 1930 moto ule, unaojulikana kama Uamsho wa Afrika Mashariki, uliwaka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kagera, Kenya na kwingineko. Waliouona walikumbuka nyimbo na machozi, lakini majirani wasioamini walishangazwa zaidi na watu waliorudisha vitu walivyoiba, waliolipa madeni waliyokuwa wameyakana, na waliokwenda kuomba radhi kwa jina. Maisha hayo waliyaita kutembea nuruni, kwa kufuata 1 Yohana 1:7, na walikutana mara kwa mara katika vikundi vidogo ambamo mtu aliweza kuulizwa habari za nyumba yake na fedha zake. Ni kweli kwamba baadhi ya vikundi vilijikuta baadaye vikipima wokovu wa watu kwa mavazi na mapambo, na hilo ni onyo kwetu pia, kwa sababu mavazi ni rahisi kuyakagua kuliko mizani.

Dawa ya ukaguzi wa namna hiyo, ninavyoona, ni kukumbuka mwalimu wetu ni nani. Tito 2:11-12 inasema ni neema ya Mungu inayotufundisha kukataa ubaya na kuishi kwa kiasi, haki na utauwa. Mtu anayejizoeza ili akubaliwe na Mungu atakuwa mkali kwa wengine au mwongo kwa nafsi yake. Anayejizoeza kwa sababu amekwisha kukubaliwa katika Kristo anaweza kuanguka Jumatatu na kuamka Jumanne bila maigizo.

Kwa hiyo, msomaji uliyebanwa na ratiba ya kanisa, fanya hivi. Andika huduma zote unazoshiriki, kisha ubaki na mbili. Ya tatu na kuendelea ziombee ruhusa kwa heshima, na usiziache kimya kimya, maana kuziacha kimya nako ni kukosa uaminifu. Jioni zitakazopatikana zigawanye kati ya nyumba yako na watu wawili au watatu wanaokujua, wa jinsia yako, mkutane bila ajenda ya michango, na kila mmoja aulizwe waziwazi habari za kazi yake na ndoa yake. Mchungaji atakuuliza kwa nini umejitoa katika kamati ya ujenzi wakati paa halijaezekwa. Mwambie ukweli, kisha umpelekee bati za geji 28 kwa bei uliyonunulia.