Klorini usiiache

Dada, umeuliza kama ukiweka reli za vitanda za plastiki zilizopakwa ile dawa ya kuua bakteria kwa mwanga, kliniki yako ya Kondele inaweza kuacha kupangusa kwa klorini. Haiwezi.

Kwanza mbane muuzaji akwambie kilichomo. Kama ni titani dayoksaidi ya kawaida (ule unga mweupe wa kwenye rangi za ukuta), inataka mionzi ya urujuanimno, yaani UV, ile ya jua isiyoonekana, na taa za LED za wodini karibu hazina. Tena pasipo tabaka la kinga kati yake na plastiki, huanza kuila plastiki yenyewe, ukipitisha kidole unatoka na unga mweupe. Aina nyingine hutumia rangi kama methilini bluu: hunasa mwanga wa kawaida, huipa oksijeni nguvu hiyo, na oksijeni iliyochachamaa ndiyo huharibu utando wa bakteria. Hiyo ina nafuu, ingawa rangi hupauka kwa mwanga huo huo.

Zote mbili zinashindwa na uchafu. Usaha ukikaukia relini, mwanga haupenyi, bakteria wanajilalia chini yake. Na stima ikipotea usiku? (Hilo wauzaji hawaligusi.)

Mimi pesa hizo ningenunulia ndoo za bomba za kunawia mikono, moja kila mlango.