Kabla Hujakubali Kisu Kifuani Mwako

Binti mmoja wa Kasulu mwenye umri wa miaka 20 aliniandikia juma lililopita akiniomba nimwambie kama afanyiwe upasuaji wa matiti, kwa kuwa anajua mimi nimeupitia. Mchumba wake amemwambia kwamba kifua chake hakina tofauti na cha mvulana, naye ameanza kutenga faida ya biashara yake ya vitenge ili akaongezewe. Nilimjibu kwa ufupi siku ile ile, lakini jibu kamili ni refu, na wapo wengi wanaojiuliza swali hilo bila kuwa na mtu wa kumuuliza.

Mimi nilipunguza, sikuongeza. Tangu nikiwa kidato cha pili matiti yangu yalikuwa makubwa kuliko ya mama yangu mzazi, na kila nilipojifungua yaliongezeka. Mikanda ya sidiria ilinichimba mabegani hadi ikaacha mifereji ambayo inaonekana mpaka leo. Chini ya matiti ngozi ilichubuka na kutoa harufu kila joto la Ujiji lilipokuwa kali kabla ya mvua, na vipindi vya mwisho vya mchana nilivifundisha nikiwa nimeegemea meza kwa sababu ya shingo na mgongo. Kule soko la Mwanga niliitwa majina ambayo sitayaandika hapa. Matiti yangu kila mtu aliyaona, lakini maumivu hakuna aliyeyaona.

Nilipotamka nyumbani kwamba nataka kupunguza, shangazi yangu aliniuliza mbele ya wageni kama nimeanza kumsahihisha Mungu, na wifi yangu akasema kwamba nataka kumnyima kaka yake haki yake. Maneno hayo bado yananiuma, na sioni sababu ya kuficha. Ninachojivunia ni kwamba sikuyaruhusu yaniamulie, kama vile sikuyaruhusu majina ya sokoni yaniamulie. Niliamua kwa sababu ya mgongo wangu, na mume wangu, ambaye alikuwa akinikanda mabega usiku kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto, alilielewa hilo kabla ya ndugu zake.

Hapo ndipo ningependa kila anayeniandikia aanzie. Mtu anayekusema vibaya, au anayekusifia vibaya, akihama mji kesho na asirudi tena, je, utaendelea kuutaka upasuaji huo? Mimi ningeendelea kuutaka hata kama ningeishi peke yangu. Ikiwa jibu lako ni hapana, basi mwenye shida ni yule mtu, na hakuna daktari anayeweza kumtibu yeye kwa kukupasua wewe.

Ukishajibu swali hilo, pima utakachopoteza. Nilisubiri hadi mtoto wetu wa mwisho alipoacha kunyonya, kwa sababu upasuaji wa kupunguza unaweza kukata mirija ya maziwa, na mwanamke ambaye bado anataka watoto anapaswa kulijua hilo mapema. Daktari alinichorea kovu litakavyokuwa: linazunguka duara jeusi la chuchu, linashuka chini, kisha linapita chini ya titi lote, umbo la nanga, ambalo sisi watu wa ziwani hatuhitaji kuelezwa. Kovu hilo hufifia lakini haliondoki. Ikiwa ulipotoboa masikio ngozi ilivimba na kuwa kovu nene, mwambie daktari, kwa maana kifuani linaweza kuwa hivyo hivyo. Hisia ya chuchu inaweza kupungua au kupotea, na mara chache chuchu yenyewe hukosa damu ikafa, hatari ambayo ni kubwa zaidi kwa wavutaji wa sigara. Kama unapanga kupunguza uzito, upunguze kwanza, kwa sababu matiti hubadilika pamoja na mwili. Omba pia nyama itakayotolewa ipelekwe maabara ikachunguzwe saratani.

Upasuaji wenyewe sina la kuusimulia, kwani nililala kwa nusukaputi nikaamka nikiwa nimefungwa bandeji. Kilichonichosha ni majuma yaliyofuata. Huruhusiwi kubeba kitu kizito kwa majuma kadhaa, na kwa mwanamke wa Kigoma hilo lina maana ya ndoo ya maji, mtoto mgongoni na gunia la mahindi. Panga mapema nani atachota, nani atatwanga. Panga pia safari, kwa sababu kutoka hospitali za Dar es Salaam hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 1,200, na kukaa muda mrefu kwenye basi au treni mara baada ya upasuaji kunaweza kugandisha damu miguuni. Usikate tiketi ya kurudi kabla daktari hajakuruhusu, na ujue kabisa ni nani huku nyumbani atakayekagua kidonda.

Kwa binti wa Kasulu mambo ni mazito zaidi. Kupunguza huisha kidonda kikipona, lakini kuongeza ni kuingia katika uangalizi wa maisha. Mwanamke wa kwanza kuwekewa vifuko vya silikoni, yaani vifuko laini vinavyoingizwa ndani ya titi ili kulikuza, Timmie Jean Lindsey, alipasuliwa Houston, Marekani, mwaka 1962, naye hospitalini alikuwa amekwenda kufutwa tatuu. Madaktari ndio waliomwomba, akakubali kwa sharti kwamba wamrekebishe masikio. Nikikumbuka habari hiyo nawaza ni wangapi wamebeba vifuko kwa wazo la mtu mwingine.

Vifuko hivyo havikutengenezwa vidumu maisha yote. Vinaweza kupasuka, na kovu linalovizunguka linaweza kukaza hadi titi likawa gumu na lenye maumivu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inashauri mwenye silikoni apimwe kwa altrasaundi au MRI, vipimo vinavyopiga picha za ndani ya mwili, miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3, hata kama hana dalili yoyote. Mamlaka hiyo hiyo imeidhinisha silikoni za kuongeza matiti kwa wanawake wa kuanzia miaka 22, nawe mdogo wangu hujafika huko. Nchini Ufaransa, mwaka 2010, iligundulika kwamba kampuni ya PIP ilikuwa ikijaza vifuko kwa silikoni isiyoidhinishwa kwa matumizi ya tiba, na mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa duniani kote vifuko vyake vyenye uso wa kukwaruza kwa sababu ya saratani adimu ya limfu, yaani ya mfumo wa kinga wa mwili. Ikiwa wenye maabara na fedha walifikwa na hayo, wewe utakayelazimika kuuza mtaji wa vitenge ili upate kipimo una haki ya kusita.

Wala usidanganywe na krimu na vidonge vya kukuza matiti vinavyouzwa mitandaoni. Dawa ambayo haijasajiliwa na TMDA, mamlaka ya nchi yetu ya kusimamia dawa na vifaa tiba, usiiweke mwilini, na daktari ambaye hayumo katika orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika usimvulie nguo.

Kama mgongo, shingo au ngozi ndivyo vinavyokusumbua, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, ueleze maumivu kabla ya kutaja upasuaji, na uombe rufaa kwa bingwa wa upasuaji rekebishi. Mloganzila, tawi la Hospitali ya Taifa Muhimbili, wanatoa huduma hiyo. Uliza gharama yote kwa maandishi, pamoja na gharama ya kurudia endapo kutatokea tatizo, na uulize bima yako inalipia nini. Nawe wa Kasulu, mtaji wako uache kwenye vitenge, na huyo mchumba mjibu kwa barua hii ukipenda.