Mwache Mgeni Ashike Kibodi

Mgeni katika programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, hashindwi na msimbo kwanza. Hushindwa kuiwasha programu kwenye kompyuta yake, na asijue amweleze nani kwamba imekataa. Vijana wengi niliokaa nao hapa Nairobi walitaka kuachia papo hapo.

Kwa hiyo mtafutie mradi ambao kazi yake anaiona. Ushahidi ilizaliwa Kenya mwaka 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, ili wananchi waripoti vurugu na zionekane kwenye ramani. OpenMRS ni mfumo wa rekodi za wagonjwa, na ndio msingi wa KenyaEMR inayotumika katika vituo vyetu vya afya. Misimbo yote hiyo iko wazi.

Kisha kuna bando. Mradi mkubwa una historia ya miaka mingi, na Git, chombo kinachotunza kila badiliko la msimbo, huivuta yote. Mwonyeshe amri ya git clone --depth 1, inayoleta hali ya sasa pekee; historia iliyobaki ataivuta kwa git fetch --unshallow akipata waifai. Faili nzito mpe kwenye flashi.

Mkishaketi, usimnyang'anye kibodi hata akichelewa. Asome ujumbe wa hitilafu kwa sauti, halafu aandike kila mahali alipokwama. Karatasi hiyo ni mali! Sisi tuliozoea mradi hatuoni tena hatua iliyorukwa kwenye maelekezo ya usakinishaji; yeye ameigonga leo. Kurekebisha maelekezo hayo ndio mchango wake wa kwanza, na ni mchango kamili, kwani atakayefuata hatakwama pale. Akiogopa kuandika Kiingereza, sentensi tatu fupi zinatosha: nilifanya hivi, nilitarajia hiki, nikapata kile.

Mwandae pia kwa majibu ya wakaguzi, wanaosoma mchango wake kabla haujapokelewa. Shuleni kwetu wino mwekundu ulimaanisha umekosa, basi kijana akiombwa marekebisho hudhani amekataliwa. Mwambie mapema kwamba hata watunzaji wakongwe, wale wanaousimamia mradi, huombwa hivyo hivyo. Nawe ukiwa mtunzaji, tafadhali jibu, hata kwa kusema utakagua Ijumaa. Ukimya wa wiki kadhaa unatosha kumpoteza mtu ambaye angekaa miaka.

Kukibaki kosa la herufi moja, usilimalize wewe. Mrudishie alirekebishe, na ahakikishe Git imewekewa jina na barua pepe yake kabla hajahifadhi mabadiliko, maana hayo ndiyo yatakayoandikwa kwenye historia ya mradi.