Usiiguse akaunti ya zamani, ongeza seva mpya pembeni yake

Mkuu, simama hapo hapo. Usibofye kitu mpaka umalize kusoma.

Umesema ofisi inahama kampuni ya kuhifadhi tovuti mwisho wa mwezi, una anwani mbili za domeini ya ofisi, Gmail moja na Yahoo ya siku nyingi, zote umeziweka ndani ya Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe kwenye kompyuta. Na jamaa wa IT amekwambia: "Ingia kwenye mipangilio, futa jina la seva ya zamani, andika la mpya. Barua zako ziko kwenye kompyuta, haziendi popote." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niache kazi niandike. Sisi tuliambiwa maneno hayo hayo, kwa sauti ile ile ya mtu asiyekuwa na wasiwasi.

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha, Dar. Kila kitu chetu kinaishi kwenye barua pepe: hati za shehena, ankara za wauzaji wa Guangzhou na Dubai, makubaliano ya bei na wenye malori. Mteja akija miezi kadhaa baadaye akikana kiasi alichokubali, unafungua barua yake mwenyewe unamsomea. Kampuni mpya ilituambia imeshahamisha kila kitu. Kumbe ilichohamisha ni mafaili ya tovuti, halafu ikatengeneza masanduku ya barua yenye majina yetu, matupu kabisa. Jina la seva kwetu halikubadilika hata herufi, lilikuwa mail. likifuatiwa na domeini ya ofisi. Kilichobadilika ni DNS tu, yaani orodha ya mtandao inayosema jina lipi liende kwenye mashine ipi, na jina lile lile likaanza kuelekea kwenye mashine nyingine.

Asubuhi dada wa nyaraka akafungua Thunderbird. Barua zote zilikuwepo, kwa sekunde chache. Kisha folda aliyoibofya ikawa tupu, akabofya ya pili nayo ikawa tupu, na zile folda ndogo za wateja alizojitengenezea kwa miaka zikaanza kutoweka kwenye orodha. Akadhani mtandao unasumbua. Akaenda kompyuta ya jirani kuangalia kama huko zipo, akaiwasha, zikaonekana, zikafutika. Sikia hilo vizuri: kila kompyuta iliyowashwa ili kuhakikisha kama barua zipo, ndiyo ilipoteza nakala zake. Jamaa wa IT kwenye simu anasema, "Subiri, inajipanga." Ilikuwa inajipanga kweli, ilikuwa inajipanga ifanane na seva tupu.

Kampuni ya zamani? Usajili wetu ulikuwa umeshafungwa na nafasi yetu imeshafutwa. Kampuni mpya ikasema bekapu ya kule haiwahusu. Jamaa wa IT akasema programu ndiyo mbovu. Nakasirika hata sasa ninapoandika, kwa sababu programu haikuwa na ubovu wowote, na mtu anayelipwa kuhamisha barua za ofisi nzima anapaswa kulijua hili kabla hajashika kibodi.

Iko hivi. Akaunti ikiwa ya IMAP, yaani njia ya kusoma barua zikiwa zimebaki kwenye seva, mwenye barua ni seva. Kilichomo kwenye kompyuta yako ni nakala tu, na kazi ya Thunderbird ni kuhakikisha nakala inafanana na kilichoko kwenye seva. Seva ya IMAP huipa kila folda namba ya utambulisho inayoitwa UIDVALIDITY. Namba hiyo ikibadilika, kanuni za IMAP zinaitaka programu itupe yote iliyoyatunza kuhusu folda hiyo na kuanza upya. Seva mpya ina namba zake. Kwa hiyo ukiielekeza akaunti ya zamani kwenye seva mpya, iwe kwa kubadilisha jina kwenye mipangilio kama ulivyoambiwa wewe, au kwa DNS kama ilivyotokea kwetu, programu inaona folda ngeni isiyo na barua, inatii. Haikuulizi. Na barua hazipiti kwenye folda ya takataka, usihangaike kuzitafuta huko.

Aliyenusurika kwetu ni mhasibu. Yeye akaunti yake ilikuwa ya POP tangu zamani na hakutaka kuibadilisha. POP huzishusha barua na kuziweka kwenye kompyuta kama mali ya kompyuta. Seva ikibadilika, inauliza tu kama kuna mpya. Tuliendesha ofisi kwa barua zake kwa muda mrefu. Sikwambii uhamie POP, maana hiyo ina balaa lake: kompyuta ikifa imekwenda na barua, na simu yako haitaona ulichojibu ofisini. Nakwambia ili uone kwamba tofauti ya IMAP na POP si suala la kuchagua 993 au 995 kwenye kisanduku cha pot, namba ya mlango ambao programu hupitia kufika kwenye seva. Ni suala la nani anamiliki barua.

Kanuni yangu sasa ni moja na siivunji kwa mtu yeyote: kila seva inaingia kama akaunti mpya, kwa jina la seva yenyewe, na akaunti ya zamani haiguswi mpaka barua zimehesabiwa upande wa pili zikatimia.

Kwa hiyo wewe, kabla DNS haijabadilishwa, kwanza nenda kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya kuhifadhi barua, hakikisha umeruhusu barua zitunzwe kwenye kompyuta hii. Acha zishuke zote, hata ikichukua usiku mzima. Halafu nakili folda zako kwenda kwenye zile zinazoandikwa Local Folders. Nakili, usihamishe. Ukihamisha unaziondoa kwenye seva, na umeme ukikatika katikati utajuta. Zikishaingia Local Folders, hakuna seva yoyote duniani inayoweza kuzifuta.

Baada ya hapo funga Thunderbird kabisa, fungua folda la wasifu (kwenye Windows liko ndani ya %APPDATA%, kwenye Thunderbird, kisha Profiles) na ulinakili lote kwenye diski ya nje. Humo ndani mna ImapMail, Mail, mipangilio yote, pamoja na logins.json na key4.db zenye paswedi zako. Maana yake diski hiyo usiiache mezani.

Sasa iombe kampuni mpya jina halisi la mashine yao, sio mail. na domeini yako. Hili ndilo watu wengi hawaliombi. Ukitumia mail. na domeini yako, leo jina linakupeleka kwa wa zamani, kesho kwa mpya, na hujui ni saa ngapi limegeuka. Isitoshe Thunderbird haikubali akaunti mbili zenye jina moja la mtumiaji na jina moja la seva, kwa hiyo huwezi kuziweka ubavu kwa ubavu. Ukiwa na jina la mashine yao, unaongeza akaunti mpya, na seva mbili zinaonekana kwenye orodha moja, ya zamani juu, mpya chini. Kwa wa zamani nao omba hivyo hivyo. Nakili barua kutoka huku kwenda kule, folda moja moja, na linganisha idadi. Kama ofisi ina masanduku mengi na una mtu anayejua, kuna programu inaitwa imapsync inayohamisha moja kwa moja kutoka seva hadi seva. Lakini hata hapo kanuni ni ile ile, na nakala ya Local Folders iwepo kwanza.

DNS ikishabadilishwa, lipia kampuni ya zamani mwezi mmoja zaidi. Najua bosi atalalamika. Mwambie kwamba kwa siku moja au mbili baadhi ya barua bado zitaangukia kwenye seva ya zamani, kwa sababu mabadiliko ya DNS hayafiki kila mahali kwa wakati mmoja, na mteja aliyetuma oda siku hiyo hatatuma tena.

Na kama kuna laptop ofisini haijawashwa tangu kuhama kuanze, zima Wi-Fi na chomoa waya kabla ya kufungua Thunderbird juu yake. Ifungue ikiwa nje ya mtandao, nakili kila kitu Local Folders, ndipo uunganishe. Sisi laiti tungejua hilo, kompyuta ya pili ingetutosha.

Umeuliza pia kuhusu barua zinazotoka. Kwa ufupi, kila akaunti ifungwe na seva yake ya kutuma. Thunderbird ina orodha ya seva za kutuma na moja ni chaguo-msingi. Ukiongeza akaunti haraka haraka, barua za ofisi zinaweza kuanza kutokea kwenye seva ya Gmail. Hapo Google huandika anwani yako ya Gmail mahali pa mtumaji kama anwani ya ofisi hujaithibitisha kwao, na mteja anajibu kwenye Gmail yako binafsi. Tumia pot 465 au 587, sio 25. Gmail na Yahoo chagua njia ya OAuth2, ambayo unaingia kupitia ukurasa wao wenyewe, paswedi ya kawaida haitakubaliwa.

Kuhusu kukatika katika kwa ile anwani ya info mnayoitumia wote: Thunderbird kwa kawaida hufungua hadi miunganisho 5 kwa akaunti, na seva nyingi zinazotumia Dovecot, programu ya kuendeshea seva za barua, zina kikomo cha 10 kwa mtumiaji mmoja kutoka anwani moja ya mtandao (IP). Kompyuta tatu nyuma ya ruta moja zinatosha kukijaza. Shusha idadi ya miunganisho iwe 2 kwenye mipangilio ya juu ya seva, kwenye kila kompyuta.

Maswali yako ya rangi na saini tuyaache, hayo hayapotezi barua ya mtu.

Ukishanakili lile folda la wasifu, andika hapa majina ya seva zote mbili na aina ya kila akaunti, IMAP au POP, bila paswedi. Na jamaa wako wa IT mwambie asiguse DNS mpaka wewe useme.