Maswali ya Sataranji: Mfalme Anayekwenda Njia Mbili kwa Mwendo Mmoja

SWALI: Kocha wangu amenipa fumbo hili. Mweupe ana mfalme h8 na askari c6 (herufi ni safu ya wima, nambari ni safu ya mlalo). Mweusi ana mfalme a6 na askari h5. Mweupe anaanza na anatakiwa kupata sare. Nimelihangaikia kwa siku tatu, na kila nikihesabu namwona Mweupe ameshindwa. Je, kete zimepangwa vibaya?

JIBU: Zimepangwa sawasawa. Fumbo hili lilitungwa na mchezaji mashuhuri Richard Réti mwaka 1921, na limewatoa jasho wachezaji wengi kuliko mafumbo yenye kete ishirini. Hesabu yako ni sahihi mpaka hapo ulipoishia: mfalme mweupe amechelewa kwa hatua mbili kumdaka askari wa h5, na askari wake mwenyewe, akisonga peke yake, ataliwa na mfalme mweusi aliye karibu.

Ulipokosea ni kudhani kwamba mfalme lazima achague moja kati ya safari hizo mbili. Weka kidole kwenye h8 ukishuke moja kwa moja hadi h2: ni hatua sita. Sasa pita g7, f6, e5, f4, g3, kisha h2: ni hatua sita vilevile! Katika ubao wetu mfalme akizunguka kwa mshazari hapotezi chochote, ingawa macho yanakataa kuamini hivyo.

Basi mfalme aende g7, askari mweusi ashuke h4, mfalme aende f6. Mweusi akiendelea kukimbia hadi h3, mfalme mweupe anakwenda e7 kumlinda askari wake, na askari wa pande zote mbili wanafika mwisho wa ubao na kugeuka malkia: sare. Mfalme mweusi akiona hatari hiyo na kwenda b6 ili amle askari wa c6, mfalme mweupe anaingia e5, na hapo ndipo kiini cha fumbo kilipo. Mweusi akila c6, mfalme anakwenda f4 na kumfikia askari wa h kwa wakati. Akisukuma h3, mfalme anakwenda d6 na askari wa c anafika mwisho salama.

SWALI: Ding Liren, bingwa wa dunia wa wakati huo, alipotezaje mchezo wa mwisho wa kutetea taji lake dhidi ya Gukesh wa India, ilhali watazamaji walikwisha kuuhesabu kuwa sare?

JIBU: Kwa kubadilishana kete bila kuhesabu kitakachobaki. Tarehe 12 Desemba 2024 huko Singapore, katika mchezo wa 14, kila upande ulikuwa na ngome na askofu, na Gukesh alikuwa na askari wawili dhidi ya mmoja. Nafasi kama hiyo hutetewa kwa subira. Katika hatua ya 55 Ding alipeleka ngome yake f2, akakubali ngome zibadilishwe, akasahau kwamba askofu wake alikuwa amejibana pembeni, a8. Gukesh alikula ngome, kisha akapeleka askofu wake d5 kwenye mshazari uleule, na askofu wa Ding hakuwa na mraba wa kumkwepa. Maaskofu walipotoka ubaoni, wakabaki wafalme na askari tu, na askari mmoja wa ziada akatosha. Ding alisalimu amri katika hatua ya 58. Gukesh alishinda kwa pointi 7.5 kwa 6.5 akiwa na miaka 18, akaivunja rekodi ya bingwa wa dunia asiyepingwa mwenye umri mdogo zaidi, iliyokuwa ya Garry Kasparov, aliyetwaa ubingwa mwaka 1985 akiwa na miaka 22. Wengi wamesema ni uchovu. Mimi naona uchovu huanza kumla mchezaji pale pembeni, kwenye kete ambayo haitazami tena.

SWALI: Ni kweli kwamba malkia hapo zamani alikuwa waziri?

JIBU: Kweli. Katika sataranji ya Uajemi na Waarabu, kete hiyo iliitwa waziri na ilikwenda mraba mmoja tu kwa mshazari. Nguvu zake za leo alizipata Ulaya mwishoni mwa karne ya 15. Askari aliyefika mwisho wa ubao aligeuka waziri huyohuyo dhaifu, kwa hiyo mbio za fumbo la Réti zisingekuwa na uzito huu katika mchezo wa zamani.