MASWALI YENU: Dawa ya kansa inayoamshwa na mwanga, tuisubiri?

SWALI: Asalaam aleikum kaka wa maswali. Mie naandika kutoka Wete. Mama'angu mdogo kapimwa kakutwa na kansa ya koo la chakula, saivi hata wali haupiti, ni uji tu tena kidogo kidogo. Kaandikiwa avuke aende Ocean Road, Dar, akaanze mionzi. Sasa binamu yangu kaleta klipu kwenye grupu la familia inasema huko nje wanatia punje ndogo ndogo za plastiki kwenye damu halafu wanamulika taa, uvimbe unakufa, nywele hazinyonyoki. Basi nyumba imegawika, mjomba anasema tungoje hiyo taa ifike, mie roho haitulii. Ni kweli? Tungoje?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, pole sana, na mama mdogo mfikishie salamu zangu. Naanza na lile la mwisho: msingoje. Boti ya mwanzo mtakayopata nauli yake mpandeni nae. Na hilo la nywele mwambieni mjomba, mionzi inatoa nywele pale inapopigwa tu, akipigwa kifuani za kichwani zinabaki.

Klipu yenyewe si uongo mtupu. Matibabu ya mwanga yapo na ni ya zamani, mwaka 1900 kule Munich, Ujerumani, mwanafunzi mmoja anaitwa Oscar Raab alikuwa anapima rangi ya akridini kwa vidudu vya majini akaona vinakufa upesi kukiwa na mwanga, gizani vinadumu. Hapo ndo palipoanzia. Inataka vitu vitatu vikutane: dawa, mwanga na oksijeni. Dawa peke yake imelala, mwanga peke yake hauui seli, lakini ukiipiga dawa ikiwa ndani ya uvimbe, dawa inachukua ile nguvu inaipa oksijeni, oksijeni inageuka kali inaunguza kilichopo hapo hapo, haifiki hata upana wa seli moja.

Marekani waliipitisha mwaka 1995 kwa ugonjwa huu huu wa mama mdogo, koo la chakula lililozibwa na kansa. Mgonjwa anachomwa sindano ya mshipa, anakaa saa 40 mpaka 50, halafu anapitishwa mpira mdomoni wenye uzi wa kupeleka mwanga mwekundu wa leza mpaka kwenye uvimbe. Lakini sikilizeni vizuri, waliipitisha kwa ajili ya kufungua njia chakula kipite, sio kwa kuahidi kansa itaondoka. Na ina tabu yake, dawa ile inakwenda mpaka kwenye ngozi, kwahiyo mgonjwa siku 30 au zaidi hatakiwi kupigwa na jua maana ataungua. Hebu fikiri hapo Wete, mwezi mzima mtu asitoke uani mchana!

Hapo sasa ndo zinapoingia punje za kwenye klipu. Dawa nyingi za namna hii hazipendi maji, ukizitia kwenye damu zinagandana kama mafuta ya nazi kwenye chupa asubuhi ya kipupwe, na zikigandana hazifanyi kazi. Basi wataalamu wanaifungia dawa ndani ya punje za polima, ndo hiyo plastiki ya kwenye klipu, za nanomita 100, 200 hivi, wakati unywele mmoja una upana wa nanomita kama 80,000. Nje wanaivika koti la polima nyengine ili ini lisiikamate mapema. Matumaini yao ni kwamba mishipa ya damu ya uvimbe imejengwa ovyo, inavuja, punje zitapenya hapo zitulie, ngozi isalimike. Wajapani Matsumura na Maeda ndo walioieleza hiyo mwaka 1986.

Nami naipenda sana kazi hii na naiombea ifike. Ila mwaka 2016 watafiti walikusanya majaribio ya punje za kila aina kwa wanyama, wakakuta kwa kawaida zinazofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 tu, yaani kwenye punje 1,000 ni 7, nyingi zinaishia kwenye ini na wengu. Ndo maana punje hizi za polima zenye dawa ya mwanga mpaka sasa kazi yake kubwa ipo maabara na kwa panya. Mama mdogo hawezi kungoja hilo na chakula hakipiti.

Halafu kuna mwanga wenyewe. Leo usiku zima taa, washa tochi ya simu, iegemeze chini ya kidole. Utaona kidole chekundu, maana damu inameza rangi nyengine, nyekundu ndo inapita. Sasa iweke tochi tumboni uone kama kuna kitu kinatokea mgongoni. Huo mwanga mwekundu unafanya kazi kwenye nyama isiyofika hata sentimita moja, kwahiyo kansa iliyozama ndani au iliyohamia kwenye ini haiwezi kumulikwa yote.

Mkifika Ocean Road ulizeni kama anafaa kuwekewa kijibomba cha kutanua koo ili ale, na chukueni majibu yote ya vipimo, karatasi zenyewe, sio picha za kwenye simu. Kwa sasa uji wake utieni maziwa, na supu ichujwe, asizidi kukonda kabla ya safari.

SWALI: Hizo plastiki si zitabaki mwilini? (Jang'ombe)

JIBU: Inategemea polima gani. Inayotumika sana inaitwa PLGA, ni ukoo mmoja na nyuzi za mshono zinazoyeyuka zenyewe, kina mama waliojifungua kwa operesheni wanazijua. Mwili unaivunja inatoka kama maji na ile hewa tunayoitoa tukipumua.

SWALI: Kuna mtu kaniuzia taa nyekundu ya kumulika uvimbe wa bibi yangu shingoni, nimulike dakika ngapi? (Makunduchi)

JIBU: Hata moja usimulike. Nshasema hapo juu, mwanga bila dawa haufanyi kitu, na uvimbe wa shingo unataka utolewe kinyama kidogo kipimwe kwanza. Kesho asubuhi mpeleke bibi Mnazi Mmoja, na taa mrudishie mwenyewe akupe pesa zako, zitakufaa kwa nauli.